Mama Meno na Difu ya Kokoto

Baba yake Mama Meno alifundisha kazi ya difu, ule mtambo wa meno unaozungusha magurudumu, kwa spana namba ishirini na nne. Hakuwa akiifungulia nati, alikuwa akiirusha. Mwanafunzi akikaza beringi kupita kiasi, spana inakuja. Akiacha mchanga kidogo ndani ya nyumba ya difu, spana inakuja. Wanafunzi wenyewe walikuwa wawili, wa kiume na wa kike, wote watoto wake wa kuwazaa, kwa hiyo hapakuwa na pa kwenda kushtaki. Mzee alisema ndivyo alivyofundishwa yeye, na kwamba mbinu hiyo haijaua mtu bado. Ilikuwa kweli, kwa tofauti ya nusu inchi.

Wa kike ndiye aliyekuwa na sikio. Alipofika miaka kumi na mitatu aliweza kusimama barabarani, gari likapita, akasema difu ya nyuma ya gari lile ina meno yaliyolika na haimalizi mwezi. Wa kiume hakuwa na sikio. Alikuwa na mgongo. Kila spana ilipoelekea kwa mdogo wake, alijiweka katikati. Hakulitolea jambo hilo maneno. Alisogea tu, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza. Hivyo familia iligawana urithi mapema, mzee akiwa hai: dada akachukua ufundi, kaka akachukua spana.

Mzee alikufa kwa presha, akigombana na boliti iliyogoma. Boliti ilishinda. Aliacha uwanja wenye ukuta wa matofali, paa la mabati, shimo la kukagulia magari, na vyumba viwili nyuma. Mwana wa kiume hakutaka hata kunusa oili tena. Akaenda mtaa wa pili kuchomelea mageti, watu wakamwita Gesi. Binti akabaki na karakana. Wakamwita Mama Meno, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu alisoma meno ya gia jinsi wengine wanavyosoma barua: hapa lilibanwa, hapa lilikosa oili, hapa mwenye gari anadanganya.

Gesi alikuwa mpole kwa watu wote isipokuwa wale waliomgusa dada yake. Mteja mmoja aliwahi kumshika Mama Meno kiuno huku akiuliza kama na yeye anahitaji kupakwa grisi. Gesi alimvunja taya mahali pawili, akafungwa miaka miwili. Hakimu alimwonya kwamba akirudi mbele yake tena kwa kosa la ngumi atazeekea ndani. Gesi alisikiliza kwa heshima zote. Siku aliyotoka alimwambia dada yake kwamba amemwelewa hakimu vizuri sana, na kwamba mtu mwingine akimgusa, yeye hatatumia ngumi.

Kwa hiyo Mama Meno alipojikuta ameolewa na mwanamume anayepiga, maumivu yalishika nafasi ya pili. Tatizo la kwanza lilikuwa kaka. Kofi moja likijulikana kwa Gesi, mume angezikwa na kaka angefungwa maisha, na yeye, kwa kofi moja, angekuwa amewamaliza wanaume wote wa ukoo.

Mume aliitwa Kokoto. Alikuwa akibeba mawe kutoka machimboni, juu kilimani, kwa pikapu kuukuu ya fowili, yaani ile ambayo ukivuta wenzo magurudumu yote manne yanavuta pamoja. Pikapu ilikuwa imeizidi ndoa yao umri kwa miaka ishirini, na ilikuwa ikitunzwa vizuri zaidi. Kokoto hakuwa mbaya siku zote. Hakuna anayeweza kuwa mbaya siku zote. Ni kazi inayochosha. Alijua kuimba, alijua kuchekesha, na wakati wa posa alimwita Gesi shemeji kwa sauti ya asali hadi Gesi akamchomelea bampa bure.

Kisha akaona gari la mtu mwingine lina matairi makubwa, na roho haikutulia mpaka naye akafunga makubwa. Pikapu ikasimama juu kama mbuni. Ilipendeza sana ikiwa imesimama, na baada ya hapo ikawa inasimama mara kwa mara. Matairi makubwa kwa difu ya zamani ni kama kumvika mtu mfupi miguu mirefu ya mbao halafu kumtwika gunia na kumwambia apande ngazi. Injini ilikuwa ikihema, gia ya kwanza ilikuwa ndefu kama ya tatu, na kwenye mteremko wa kutokea shimoni, ambao ni jiwe tupu, pikapu iliyojaa mawe ilikohoa ikazima. Wapasua mawe walikuwa wakiacha nyundo ili wacheke vizuri. Mmoja alimshauri Kokoto aifunge kamba shingoni aivute kama mbuzi.

Kokoto hakuweza kuwapiga wapasua mawe. Walikuwa kumi na wanne. Alirudi nyumbani, ambako palikuwa na mtu mmoja.

Sababu hazikukosekana. Chai ya moto, chai iliyopoa. Mlango umeachwa wazi, mlango umefungwa kana kwamba yeye ni mgeni. Alipiga kwa kiganja kwanza, baadaye kwa mkanda, baadaye kwa chochote kilichokuwa karibu, na nyumbani kwa fundi vilivyo karibu ni vyuma. Siku moja alimgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango mara tatu, taratibu, kama anayegonga hodi. Mama mkwe alipopelekewa habari alisema ndoa ni kuvumilia, na yeye mwenyewe alivumilia mpaka mumewe akafa. Hakusema kama alisikitika.

Karakana ni mahali pazuri pa kuficha jicho jeusi. Paka grisi na macho yote mawili ni meusi. Mtu pekee aliyeweza kuona ni fundi viti, mzee aliyepangishwa kona ya uwanja kwa kazi ya kushona viti vya magari, na yeye kutwa alikuwa na misumari midogo mdomoni, jambo lililomfanya aaminike kwa siri. Gesi alipopita jioni na kuona shavu limevimba, aliambiwa jeki iliteleza. Mara nyingine boneti ilianguka. Mwaka ule vifaa vya karakana hiyo vilikuwa na tabia mbaya mno. Gesi aliichomelea ile boneti kishikizo kipya, kisha akaongeza cha pili, na bado ikaendelea kumwangukia dada yake.

Hapo ndipo Mama Meno alipofanya kosa ambalo mkunga, mwalimu au muuza duka asingelifanya. Ni kosa la fundi wa difu. Aligundua kuwa siku pikapu ilipopanda mteremko bila kuzima, Kokoto alirudi akala akalala. Siku ilipozima, alirudi na mkono. Akamtazama mumewe akaona mtambo: nguvu inaingia huku, inatokea kule, na katikati pana meno yasiyolingana na mzigo. Kwa mtambo wa namna hiyo hulaumu injini, wala huchapi bodi. Unabadilisha uwiano, na kelele inakoma.

Akaamua kumponya mumewe kwa krauni na pinioni.

Alimwambia Kokoto kwamba akipewa pikapu kwa wiki moja atabadilisha meno ya difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, aweke yale yenye nguvu zaidi, na gari litapanda na mawe yake huku dereva anapiga mluzi. Kokoto alikubali, na kwa siku mbili alikuwa mtu mwema kiasi cha kutia hofu.

Seti mbili zilipatikana kwa mkata vyuma chakavu, zimetoka kwenye gari moja lililopinduka. Mama Meno aliyasafisha meno kwa petroli na mswaki, akayatazama kwenye jua, akaridhika. Alianza nyuma. Akamwaga oili ya zamani, nzito na yenye kumetameta kwa vumbi la chuma, akachomoa ekseli, akaiteremsha difu kifuani mwake kama mtu anayempokea mtoto mchanga wa kilo arobaini. Akafungua krauni, lile duara kubwa la meno, akachomoa na pinioni, ile ndogo inayolisukuma. Akaweka mpya.

Sehemu ya nguvu ilikuwa hiyo, na kila mtu anaiweza. Iliyobaki ni ya wachache. Meno mawili ya chuma yakibanana sana, yanaungua. Yakiachana sana, yanapigana na kuvunjana. Kati ya kuungua na kuvunjana pana nafasi ya unene wa karatasi chache, na maisha yote ya fundi wa difu yanapita ndani ya nafasi hiyo. Alipaka meno rangi ya njano, akazungusha, akatazama alama. Ilikaa juu mno. Akafungua, akatoa washa nyembamba kama ganda la kitunguu, akaweka nyingine, akafunga, akapaka, akazungusha. Juu kidogo bado. Akafungua tena. Mara ya sita alama ilikaa katikati ya jino, yenye umbo la yai, safi. Mbavu zilikuwa zinamuuma kutokana na kipigo cha Jumapili, lakini alikaa chini sakafuni akaitazama alama ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa nadra kuona vitu viwili vinavyogusana bila kuumizana.

Siku ya nne difu ya nyuma ilikuwa imekaa mahali pake. Ya mbele bado ilikuwa na meno ya zamani. Fundi yeyote aliyerushiwa spana ipasavyo anajua kwamba gari likiwa katika hali hiyo ni hatari. Nyuma inazunguka kwa hesabu mpya, mbele kwa hesabu ya zamani, na ukitia fowili kwenye ardhi ngumu, mbele inataka kukimbia, nyuma inakataa, na ugomvi wao unamalizikia ndani ya sanduku la gia lililo chini ya miguu ya dereva. Kwa hiyo, ili mkono wa mtu usiteleze kwenye wenzo, Mama Meno aliifungua propela ya mbele, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu ya mbele, akaiegemeza ukutani. Akala kiporo chake amesimama.

Kokoto akaingia.

Kulikuwa na mtu anajenga ukuta na mawe yanatakiwa leo, siyo wiki ijayo. Akauliza kama gari limekwisha. Mkewe akamjibu kwamba nusu, akamweleza: akiwa na haraka sana aende na nyuma peke yake, abebe mzigo wa wastani, asiguse fowili kabisa, kwani hata hivyo propela ya mbele haipo. Aliyasema hayo kwa upole wa mtu anayemwongoza mgonjwa.

"Kwa nini umeitoa?"

"Ili usije ukaitumia."

Lilikuwa jibu sahihi la kiufundi. Kokoto alilitafuna.

"Yaani umenifungia gari langu," alisema, "kama mtoto anayefichiwa sukari."

"Ukitia fowili kwenye lile jiwe kitu kitapasuka, baba. Sijui kipi kitaanza. Lakini kitapasuka."

Alikosea kusema "sijui." Kokoto alisema naye alikuwa hajui kipi kitaanza, akaokota mpini wa jeki, wakaanza kujua pamoja. Pigo la kwanza lilikuwa la mbavu, upande wa Jumapili. La pili lilimpata mdomoni akiwa anashuka, na jino moja likatoka likiwa zima, na mzizi wake. Alipokuwa chini Kokoto aliweka mpini kando, kwa kuwa kuinama kunachosha, akatumia mguu. Alipiga mateke manne, moja baada ya jingine, akipumua puani. Mama Meno hakupiga kelele. Mtaa wa pili ulikuwa karibu mno, na kaka alikuwa na masikio.

Kisha Kokoto akalala chali chini ya pikapu akairudisha propela mwenyewe. Nati nane. Alizikaza vizuri zote, mbele na nyuma. Mikono yake haikuwa na kasoro yoyote ukiondoa matumizi. Akaondoka anaimba.

Fundi viti alitema misumari yote kiganjani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa ya chakula. Mama Meno, akiwa bado sakafuni, alimwomba asimwambie mtu. Mzee akasema amekaa kimya mwaka mzima akidhani ni adabu, na sasa anaona ilikuwa woga tu wenye tabia nzuri. Akatoka. Hakukuwa na haja ya kuuliza anakwenda wapi.

Gesi alifika na mtaimbo, ule mrefu wa kunyooshea mageti. Dada yake alikuwa amejikokota hadi kwenye kiti cha gari kisicho na gari, akijifuta mdomo.

"Jeki iliteleza," alisema kabla ya kuulizwa.

Gesi akachuchumaa. Kwenye ovaroli ya dada yake, ubavuni, grisi ilikuwa imechukua alama safi kabisa, mistari na kisigino.

"Jeki gani hii inavaa viatu?"

Hapo uongo wa mwaka mzima uliisha. Alimshika kaka mguu wa suruali kwa mikono miwili. Alimwambia watamfunga, safari hii hatatoka, na yeye atabaki na nani. Gesi aliikunjua mikono yake kidole kimoja kimoja, kwa upole.

"Mimi humo ndani nilishazoea," alisema. "Wewe usizoee haya."

Akatoka akasimamisha lori tupu lililokuwa likipanda machimboni.

Mama Meno alimgeukia fundi viti, akamwambia kwamba amemwamsha simba, kwa hiyo ampeleke yeye kwa mawindo kabla simba hajafika. Mzee akaiwasha pikipiki yake. Walipita njia ya mkato, ile ya mbuzi, na kila shimo lilikuwa na ubavu wake. Hakuwa akiomba mume apone. Alikuwa anaomba afike kabla ya mtaimbo.

Alifika. Kutoka ukingoni mwa shimo aliiona pikapu chini, imejaa mawe hadi juu, inaanza mteremko. Na ilikuwa inapanda. Hilo ndilo aliloliona kwanza: ilikuwa inapanda vizuri. Nyuma peke yake ilikuwa inasukuma kwa nguvu mpya, bila kukohoa, sauti moja laini ya chini, sauti ya alama yenye umbo la yai katikati ya jino. Wapasua mawe walikuwa wameacha nyundo, na hakuna aliyekuwa anacheka. Kokoto alikuwa na kiwiko dirishani. Zilibaki hatua thelathini atoke, bila kuhitaji kitu kingine chochote duniani.

Mama Meno akainua mkono kumwashiria asiguse wenzo.

Kokoto aliuona mkono. Pengine alikuwa amekwisha kuisahau fowili. Mkono uliomkataza ndio uliomkumbusha. Akamtazama mkewe machoni, kutoka chini, akavuta wenzo.

Jiwe lile ni kavu na linashika tairi kama msasa. Matairi ya mbele yakaanza kupiga ukelele, pikapu ikatetemeka kama mbwa aliyelowa, ikanyanyua pua, ikashusha. Ndani ya tumbo lake kitu kiligonga mara tatu. Mara ya nne ilikuwa mlipuko. Sanduku la gia lilipasuka, na propela ya mbele ikachomoka upande mmoja ikiwa inazunguka bado, ikaanza kuchapa chini ya gari huku na huko, ikakata bomba la breki, ikatoboa sakafu, ikatoka vipande. Pikapu ikasimama kwa muda wa pumzi moja. Kisha ikarudi kinyumenyume na mawe yake yote, ikagonga ukuta wa shimo, ikalala ubavu. Mawe yalimwagika kwa kelele za mvua juu ya mabati. Baada yake palikuwa na harufu ya oili mpya na sauti ya mtu anayetukana, kwa hiyo alikuwa hai.

Mama Meno aliteremka akiwa ameshika mbavu. Alipofika, mumewe alikuwa amebanwa mguu chini ya dashibodi iliyokunjwa, kioo cha mbele hakipo, damu kiasi. Nyuma yake wapasua mawe waliachia njia. Watu wanaopasua kitu kutwa wanamtambua aliyekuja kupasua kitu. Gesi alikuwa anashuka mteremko, mtaimbo mkononi, hatua za mtu anayehesabu.

Mama Meno alisimama kati yao, mgongo kwa mume.

"Nipe mtaimbo."

"Nitampa yeye kwanza."

"Amebanwa. Utumbukize pale chini ya dashibodi, uinue."

"Unataka nimtoe?" Sauti ya Gesi ilikuwa ya mtu aliyetukanwa.

"Nataka watu kumi na wanne wakuone unamtoa."

Gesi aliwatazama wale kumi na wanne. Alimtazama dada yake, pengo jipya mdomoni mwake. Kisha akatumbukiza mtaimbo, akaegemea, dashibodi ikalia, ikanyanyuka, na wapasua mawe wawili wakamvuta Kokoto nje wakamkalisha juu ya jiwe lake mwenyewe. Mguu ulikuwa umechunika lakini ulikuwa mguu. Mtu angedhani pana neno la shukrani kwa tukio la aina hiyo.

"Umefanya makusudi," Kokoto alimwambia mkewe. "Ulinitegea."

Akamkamata nywele kwa mkono wa kushoto, akamvuta mpaka magotini, na kwa mkono wa kulia akaokota jiwe. Hakulitafuta, mahali pale hayatafutwi. Lilimshukia ubavuni, upande uleule, mara moja, na mkono ukapanda kwa mara ya pili.

Mama Meno hakuutazama ule mkono. Alitazama pembeni, akaona mtaimbo unaondoka ardhini. Ulifika kiunoni kwa Gesi, ukafika begani, na uso wa Gesi ulikuwa umetulia kabisa, ule uso wa kufunga dirisha. Sekunde moja mbele aliiona hukumu yote.

Karibu na goti lake palikuwa na nyundo ya mpasua mawe, ya kilo mbili. Aliichukua akapiga kwanza.

Alipiga mara moja, kwa kipimo, chini ya kiwiko cha ule mkono uliobeba jiwe. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kuni kavu. Jiwe lilianguka. Mkono uliobaki uliachia nywele. Kokoto aliutazama mkono wake wa kulia ukiwa umepata kona mahali ambapo mikono haina kona.

Mama Meno akasimama na nyundo, kati yake na kaka.

"Imekwisha. Weka chini."

"Alikuwa wangu huyu," Gesi alisema. Mtaimbo ulikuwa bado begani, lakini haukuwa na kazi tena, na yeye alikuwa analia waziwazi mbele ya kumi na wanne.

"Zako zimetosha," dada yake akasema. "Hii ilikuwa yangu."

Askari wa kituo cha machimbo alikuja na daftari na kalamu isiyoandika, akaazima ya fundi viti. Alikagua pikapu, akakagua mguu, akafika kwenye mkono. Akauliza nani aliuvunja. Akawa tayari anamtazama Gesi: mwili ule, machozi, mtaimbo, na sura ambayo askari wote wa eneo hilo walikuwa wakiijua.

Gesi alifungua mdomo kujiweka katikati.

"Ni mimi," Mama Meno akamkata. "Kwa nyundo hii. Andika."

Askari alicheka kwa adabu. Alisema anaelewa, ni ndugu, kila mtu ana ndugu. Akamgeukia mwenye mkono, akamwambia aseme asiogope: ni huyu shemeji yako?

Wapasua mawe walisogea karibu. Hawakumtisha Kokoto. Walisogea tu ili wasikie vizuri, kwa sababu habari hiyo wangeishi nayo miaka mingi. Kokoto aliwatazama mmoja mmoja. Angesema ni shemeji, watu kumi na wanne walikuwa wamemwona shemeji akimwokoa. Angesema ni mke, angelisema mbele ya watu kumi na wanne, na tangu siku hiyo kila akishuka shimoni mtu angemwuliza mama hajambo. Unaweza kumvunja mtu mkono, lakini kuna sehemu nyingine ngumu zaidi.

"Gari," alisema. "Propela ilitoboa sakafu."

"Ikakuvunja mkono, huko juu?"

"Ilipinda."

Askari aliandika kwamba ilipinda. Wapasua mawe wote kumi na wanne walithibitisha kuwa ilipinda, na mmoja akaonyesha kwa kiwiko ilivyopinda. Gesi aliuweka mtaimbo chini, akakaa juu yake.

Kokoto alipakiwa kwenye lori, mkono umefungwa kwa vipande viwili vya mbao. Mkewe alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba vyumba vile viwili ni vya baba yake, nguo zake atazikuta kwa mama yake, na pikapu akitaka alete, itatengenezwa kama ya mteja mwingine. Lori likaondoka.

Askari alimletea daftari aweke sahihi, kwa kuwa taarifa ya ajali inahitaji mtu wa karibu. Alisoma kila mstari. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya uhusiano na majeruhi. Akaipangusa kalamu grisi, akaandika: fundi.